Shikamoo Kutoka Lucca

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya mama mmoja Mkongo, kule Rooty Hill, ughaibuni. Tulifahamiana kwenye ghala la Smithfield, tukifungasha mabomba ya bafuni mstari mmoja. Aliposikia kwamba nalala sebuleni kwa watu, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema:

"Iko chumba kwangu. Lakini mi niko na mutoto mwanamuke. Unanisikia?"

Nikasema nimemsikia.

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali hadi nikajua majina ya majirani. Nikisikia kuna mji sijauona, miguu inaanza kuwasha. Safari hii nilitaka kukaa. Chumba kilikuwa na dirisha linalopata jua la asubuhi, na Jumamosi mama yule akipika sombe, yaani kisamvu, aliniwekea sahani bila kuniuliza kama nimekula.

Binti yake alikuwa chuo kikuu, anasomea usanifu wa majengo. Mama aliongea naye Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na hakuna kati yao aliyeona ajabu. Mwezi wa saba chuo kikawapeleka Italia kwa kozi fupi, huko Firenze. Kozi mama aliikubali. Kilichomnyima raha ni wikendi: kikundi kizima kingepanda treni, kizunguke miji midogo, kilale huko huko.

"Masomo gani ya kulala njiani?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyepanga ratiba.

Jumamosi jioni picha zikaanza kuingia. Mama alivaa miwani, akaniita mezani na sahani yangu. Picha ya kwanza ilikuwa ya Pisa, wanafunzi wamejipanga mbele ya ule mnara ulioinama.

"Nyumba inaanguka," akasema, "na wao wanacheka chini yake."

Picha ya pili, Lucca: binti peke yake juu ya ukuta mpana wa mji, anatabasamu. Mama akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza chini taratibu hadi kwenye mawe.

"Hiki kivuli ni cha nani?"

"Cha aliyempiga picha, mama."

"Ile najua. Ni cha nani?"

Nikakitazama kivuli kile mimi pia, nikajikuta napima mabega yake. Shuku za mama yule zilikuwa zinaambukiza.

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti. Tulitegemea Kiingereza. Badala yake binti akasema, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja: "Shikamoo, mama. Mimi sijambo. Nimelala salama."

Mama akaisikiliza tena. Mara ya tatu hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

"Kwetu hatusemake shikamoo. Tunasema jambo. Huyu mutoto hata jambo hasemake, anasema *hi*. Ni nani alimufundisha?"

"Sijui, mama."

"Mi najua Mutanzania mumoja tu. Analala mu nyumba yangu."

Nilijaribu kucheka. Nikamwambia sijawahi kukaa na binti yake hata kwa dakika tano, kwamba tunapishana jikoni, yeye akiwa na visikilizio masikioni. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaondoa sahani yangu mezani kabla sijamaliza.

"Kesho nikitoka kanisani utaniambia kweli. Kama kuna kitu kati yako na yeye, ama unajua mwanaume ule iko naye kule, chumba utaniachia."

Asubuhi alienda kanisani, na ibada ya Wakongo si ya kuisha haraka. Nilibaki peke yangu na udadisi wangu. Mimi pia nilitaka kujua ile shikamoo imetoka wapi. Nilikuwa na namba ya binti, alinipa siku bomba la jikoni lilipopasuka. Nikaandika: *Nani kakufundisha shikamoo?* Kidole kilipofika kwenye kutuma, nikawaza mama siku moja akiichukua simu ya bintiye na kukuta jina langu. Nikafuta. Nikaandika upya kwa heshima zaidi. Hiyo ikaonekana mbaya kuliko ya kwanza, nikafuta nayo.

Basi nikafanya ninachofanya siku zote nikinusa kwamba naelekea kuambiwa niondoke. Nikavuta begi, nikaanza kukunja nguo.

Sikusikia gari. Nilisikia mlango wa chumba, na mama amesimama pale na gauni lake la kitenge la kanisani, Biblia kwapani. Aliliangalia begi kwanza.

"Aah," akasema. "Mutu asiye na kosa anafunga begi?"

Kabla sijafungua mdomo, simu yake ikalia. Ilikuwa Italia, na kwenye kioo alikuwa binti, nywele hazijachanwa. Mama hakusalimu.

"Shikamoo ulifundishwa na nani?"

"*Mum, relax.* Ngoja."

Simu ikazungushwa. Ikatokea sura ya mzungu mzee, kitambaa cheupe kichwani, uso wote makunyanzi. Akasema kwa Kiswahili safi kabisa, isipokuwa r zake zilizoviringika kama karanga kwenye sufuria:

"Hujambo, mama! Hongera kwa binti. Wamelala kwetu, hosteli ya masista. Mimi nilikaa Iringa miaka mingi sana, hata Kiitaliano kilianza kunitoroka. Nimemuuliza, unajua Kiswahili? Akaniambia 'jambo', kama mtalii! Nikasema hapana, mama yako utamwamkia vizuri."

Nilishusha pumzi. Mama hakushusha.

"Masera," akasema, kwa maana masista kwao huitwa hivyo, "jambo si ya mutalii. Kwetu Bukavu jambo ni salamu ya watu wakubwa."

"Kumbe! Basi nisamehe, mama."

"Na picha ya pale ukutani, ni nani alipiga?"

"Mwalimu wao. Mama mmoja mnene, kama mimi."

Mama akapima kichwani, nafikiri, mabega ya kile kivuli. Kisha akamgeuzia sista simu upande wangu bila kunionya.

"Na huyu unamujua?"

"Shikamoo, sista," nikasema.

"Marahaba, mwanangu! Wa wapi wewe?"

"Morogoro."

"Nilipita sana hapo, kwenye basi. Simfahamu, mama," akasema, akacheka peke yake.

Binti akarudi kwenye kioo, akasema lazima wawahi treni ya Pistoia, akakata. Tukabaki wawili na begi.

"Masera amekutoa mu mambo ya shikamoo," mama akasema. "Mu mambo ya begi ni nani atakutoa?"

Nikamwambia ukweli, ingawa nilijua unavyosikika. Kwamba sijafanya kitu. Kwamba napenda kuondoka kabla ya kufukuzwa.

"Mbele ya kufukuzwa?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mwizi ndiye anafanyaka hivyo." Akaegemea fremu ya mlango. "Toa vitu. Niko naangalia."

Nikatoa. Mashati, jinzi, viatu vya kazi, redio ndogo, kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Alikifuata kila kitu kwa macho kutoka begini hadi kabatini. Nilipofika chini kabisa akanyoosha mkono.

"Taulo hiyo ni yangu."

Ilikuwa yake kweli. Nilikuwa nimeitumia muda mrefu hadi nikaisahau. Nikaanza kujieleza, akaninyamazisha kwa kiganja. Akaikung'uta taulo, akaitazama pindo zote nne, akaingia ndani na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu.

Kisha akaliokota begi tupu, akaenda nalo chumbani kwake.