Wumpini na nyumba ya msimbo iliyoanza kujilipia

Simu ya Wumpini Alidu inalia juu ya meza. Kabla hajaishika, msaidizi wake Napari ameshapiga kelele: "Mwingine huyo! Kalipa!"

Wumpini anacheka, anafunika uso kwa viganja, kisha anarudi kwenye kompyuta. Ni siku ya mwisho ya mwezi mjini Tamale, kaskazini mwa Ghana, na leo ndipo itajulikana kama kazi yake ya miaka sita inaendelea au inafungwa.

Mama huyu wa mtoto mmoja, mwenye miaka 33, anaendesha Yili, neno la Kidagbani lenye maana ya nyumba. Watengenezaji programu huhifadhi humo msimbo wao, yaani maagizo wanayoiandikia kompyuta, ili timu nzima ifanye kazi pamoja na aliyeharibu leo aweze kurudisha kazi ya jana.

Hadi hivi karibuni Yili ilikuwa bure. Mashine zilikula umeme, umeme ukikatika jenereta ikanywa dizeli, na gharama zikafika cedi 9,000 za Ghana kwa mwezi. Michango ya hiari haikufika hata theluthi. Wumpini alifundisha kompyuta katika shule binafsi, na mshahara wote ukaishia humo.

"Mama aliniuliza, 'Hiyo kazi inakulisha, au wewe ndiye unailisha?'" anasema.

Miezi mitatu iliyopita aliwaita watumiaji kwenye mkutano, akawaambia bila kuzunguka: malipo yafikie gharama ndani ya miezi mitatu, au nifunge. Wanafunzi wabaki bure, mwenye mshahara atoe cedi 40 kwa mwezi, kampuni itoe 300.

Dawuni Issahaku, ambaye kampuni yake ndogo hutengeneza programu za kliniki, alisimama kwa hasira.

"Umetuzoesha vya bure, sasa unatubana! Dada, huu ni mtego!"

"Mlango uko wazi, kaka Dawuni," Wumpini alimjibu. "Ukitaka kuhama, mizigo nitakufungia mwenyewe."

Watu waliangua kicheko, lakini hakuwa anatania. Kesho yake alimnakilia Dawuni kazi yake yote, pamoja na historia ya kila badiliko, akamwelekeza namna ya kuihamishia kwingine. Wengine kadhaa wakafuata, naye akawahudumia vilevile.

Napari alichachamaa. "Bosi, unawasindikiza wateja hadi kwa jirani! Tutakula nini?"

"Kazi ni yao," anakumbuka kumwambia. "Sitaki mtu abaki hapa kwa kuwa nimemfungia."

Leo, mchana jua likiwa kali, mlango unasukumwa. Anaingia Dawuni, mkononi kabeba mfuko wa waakye ya moto, wali uliopikwa na maharage.

"Nimerudi. Usinicheke."

"Bado sijaanza," Wumpini anamwambia. "Weka kwanza hiyo waakye."

Dawuni anaeleza kwamba alikohamia bili huja kwa dola. "Cedi ikishuka, bili inapanda. Kliniki zangu zinanilipa cedi, mimi dola nizitoe wapi? Halafu nikikwama najibiwa na mashine. Hapa nikikwama nampigia Wumpini, ananitukana kidogo, kazi inaendelea."

Anatoa simu, analipia mwaka mzima papo hapo.

Napari anaruka juu. "Elfu kumi na tatu! Bosi, tumevuka!"

"Shuka chini," Wumpini anamkatiza. "Fedha ya Dawuni ni ya miezi kumi na miwili. Hesabu ya mwezi mmoja tu."

Napari anabonyeza kikokotoo, midomo ikimcheza. Anarudia tena.

"Elfu tisa na mia saba."

Safari hii ni Wumpini anayeruka. Kiti kinaanguka, Dawuni anapiga makofi, na muuza vitenge wa duka la mbele anakuja mbio kuuliza nani kaolewa.

"Yili imejilipia!" Wumpini anamwambia, akimkumbatia. Mwanamke huyo haelewi, lakini anapiga vigelegele hata hivyo.

Baada ya chakula, Wumpini anazungumza kwa utulivu zaidi, ingawa macho bado yanameremeta. Kwanza anataka Napari apate mshahara wa uhakika. Kisha anataka mashine ya pili, iwekwe katika mji wa Bolgatanga, na mtu wa huko wa kuiangalia.

"Mwaka jana niliugua malaria, Yili nayo ikalala siku mbili," anasema. "Nataka siku moja niugue, nipone, nirudi kazini, halafu nikute hakuna aliyejua kwamba sikuwepo."