Tarehe za Mgongoni mwa Spika

Katika miaka thelathini ya kufungua na kufunga amplifaya za magitaa, fundi aliyeitwa Masikio alijijengea sifa ya kutamka umri wa spika kama hakimu atamkavyo hukumu. Aliigeuza, akapangusa vumbi, akasoma tarakimu sita zilizopigwa mgongoni: tatu za kwanza za kiwanda, ya nne tarakimu ya mwisho ya mwaka, mbili zilizobaki za wiki. Kisha alimwambia mteja, "Hii, sanduku limezaliwa nayo," au, "Hii ya kambo." Hakuwahi kukosea na, Mola amsamehe, alilijua hilo.

Siku mama mkwe wake alipoingia karakanani, nyuma yake baba mkwe amepakata amplifaya kuukuu kama mtoto mwenye homa, Masikio aliitambua kabla haijawekwa mezani.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, karani mstaafu, "hii ya marehemu kaka yangu. Niandikie cheti kwamba kila kilichomo ndicho alichonunua. Nitakitundika ukutani."

"Mama, imezeeka. Tuiache ipumzike."

"Watu baki unawafungulia, mimi mamako unaniambia ipumzike?"

Miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa mposaji asiye na hakika ya kukubaliwa, Masikio aliomba kuisafisha amplifaya hiyo ili apendeze. Aliisafisha hadi spika ya kulia ikafuka moshi. Akatia nyingine kimyakimya, akaozwa mke kwa sifa ya mikono mizuri.

Sasa alilegeza skrubu kwa mwendo wa konokono. Ndani ya sanduku risiti ya marehemu ilisema mwaka wa sitini na nne. Spika ya kulia, mahali pa mwaka, ilisema moja.

"Moja ya lini?" Mama mkwe alikwishavaa miwani.

"Sitini na moja, Mama. Ilikaa stoo ya kiwanda miaka mitatu."

Ilikuwa ya sabini na moja. Akaikimbilia ya kushoto, ambayo hakuwahi kuigusa, ajisitiri nayo. Ilisema saba, na lehemu yake iling'aa kama jino la dhahabu. Akamtazama baba mkwe. Baba mkwe alikuwa anakagua dari.

"Na saba?"

"Hamsini na saba!" alidakia baba mkwe. "Viwanda vya zamani vilikuwa na subira, mke wangu."

"Miaka saba stoo?"

"Subira kubwa."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta taratibu. "Vizuri. Andika, mwanangu, kisha uape mbele ya Mungu na utie sahihi."

Kalamu iligoma. Kumdanganya mama mkwe kulikuwa kuzito. Kumtaja Mola juu yake kulimshinda kabisa.

"Mama, ya kulia niliiunguza mimi. Nilikuwa naposa."

Baba mkwe alikohoa. "Ya kushoto ni mimi. Nilitaka kusikia sauti yake ikifika mwisho. Ulikuwa kazini."

"Ikafika?"

"Ilifika."

Mama mkwe alicheka hadi akaishika meza. Akamnyang'anya fundi kalamu, akaandika kwa hati yake ya kikarani: *Sanduku la kaka. Spika ya kushoto ya mume, ya kulia ya mkwe. Zote za kambo.*

"Haya, tieni sahihi, wote wawili."

Wakatia. Cheti kiko sebuleni hadi leo, juu ya amplifaya ambayo hakuna kati yao anayeruhusiwa kugusa kitufe chake cha sauti.