Sufuria ya Bi Cora na Ulimi wa Kuazima

Basi lilinishusha Philadelphia saa moja asubuhi, siku ya Jumapili, nikiwa njiani kutoka Montreal kwenda Baltimore, miguu imevimba kwa kukaa. Mfukoni nilikuwa na anwani: nyumba ya Bi Incoronata Di Tullio, kusini mwa mji, chumba cha juu, wiki mbili. Sikuwa nimewahi kufika mtaa ule. Nyumba zake za matofali zilikuwa zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kutoka kwenye vidirisha vya chini, vilivyo usawa wa kifundo cha mguu, ilipanda harufu ya kitunguu saumu kinachokaangwa. Si nyumba moja. Mtaa mzima. Saa moja asubuhi!

Nilibisha mlango wa mbele. Nikabisha tena. Sauti ikanijibu kutoka karibu na viatu vyangu.

“Zunguka, pita chini! Mlango huo ni wa padri na maiti. Wewe ni yupi kati ya hao?”

“Mpangaji.”

“Basi pita chini.”

Nilishuka ngazi za zege. Baadaye nilikuja kujua kwamba juu kulikuwa na jiko jingine, jeupe, linalong’aa, ambalo lilikuwa halijawashwa hata mara moja tangu linunuliwe. Maisha yalikuwa huku chini, chini ya mabomba, penye meza ya kutosha watu ishirini. Mbele ya moto alisimama mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kitambaa kichwani, akigeuza mifupa ya shingo ya nguruwe kwenye mafuta ya zeituni, mmoja mmoja, bila haraka.

Hakuniuliza natoka wapi. Alinitazama mikono.

“Osha. Halafu shika mwiko. Koroga kutoka chini, polepole, usikwangue. Mimi nina kababu za kuviringisha.”

Nilikusudia wiki mbili. Huu ni mwaka wa saba, na Baltimore bado sijafika.

Bi Cora, kama mtaa unavyomwita, alizaliwa mitaa miwili kutoka hapo, na huko ndiko mbali zaidi alikowahi kuishi. Miaka thelathini na moja alishona bitana za makoti ya wanaume kiwandani. Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Donato, fundi wa vigae, akahamia kwa mama mkwe wake, katika nyumba hii hii, na humu akaikuta sufuria: ya alumini, kubwa ya kuogeshea mtoto, imebonyea upande mmoja.

“Miaka minne ya kwanza nilishika kifuniko,” aliniambia. “Kifuniko tu! Miaka minne iliyofuata nikapandishwa cheo, nikaponda nyanya.”

Mwaka wa tisa mama mkwe aliona mikono yake inaanza kutetemeka. Akawaita wawili mbele ya jiko, binti yake Ersilia na mke wa mwanawe Cora, akampa mwiko mke wa mwana. Hakueleza sababu. Ersilia alitoka analia, na hakusema na wifi yake mpaka Pasaka. Baadaye alihamia ng’ambo ya daraja, New Jersey, kwenye nyumba yenye bustani na banda la magari matatu, na kila Jumapili kwa miaka hamsini amevuka daraja kuja kula mchuzi na kuutia kasoro.

Mchuzi wenyewe hauna siri, ila una adabu. Nyama hutangulia: mifupa, mbavu, soseji, na minofu iliyopondwa, ikaviringishwa na jibini na kitunguu saumu, ikafungwa kwa uzi wa kushonea. Kila moja hukaangwa peke yake mpaka iwe rangi ya kahawia, kisha huondolewa. Katika mafuta hayohayo huingia kitunguu, halafu nyanya za kopo, ambazo Bi Cora huzivunja kwa mkono, akitafuta kwa vidole kile kikonyo kigumu na kukitupa. Nyama hurudi. Moto hushushwa mpaka karibu uzimike. Baada ya hapo ni kusikiliza.

“Unasikia? Pu… pu… Akisema haraka, moto umezidi. Akinyamaza, kafa. Mchuzi ni kama mume, akibwabwaja sana ujue chini kuna kitu kinaungua.”

Saa tano na nusu ukoo huanza kurudi kutoka kanisani, wakipitia mlango wa chini. Na hapa kuna desturi ambayo sijaiona ikivunjwa: kila anayeingia humega ganda la mkate, hulichovya sufuriani, hula amesimama, ndipo husalimia. Kabla ya mkate hakuna “habari za asubuhi”. Mtu aliyeshindwa kuchovya huulizwa kama anaumwa.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, Bi Cora alishikwa na mafua makali. Alipona kila kitu isipokuwa pua na ulimi. Niligundua asubuhi moja alipomimina kwenye kahawa yake maziwa yaliyoganda kwa uchachu, akanywa, akasema leo kahawa imekubali.

“Bi Cora,” nikamwambia, “hayo maziwa yameoza.”

Akaweka kikombe chini. Akaenda kufunga mlango.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Wiki ya tatu. Naonja kitunguu, naonja karatasi. Naonja chumvi, karatasi. Ukimwambia mtu nakutupia mabegi yako barabarani.”

“Lakini ni ugonjwa tu. Wataelewa.”

“Wataelewa, ndiyo! Wataelewa sana. Watasema maskini mama, apumzike. Ersilia atabeba sufuria kwenye gari, na Jumapili itahamia ng’ambo ya daraja. Kule kila mtu atakula amekaa kwenye kochi lake, sahani magotini, anatazama mpira. Mwaka wa kwanza watakwenda wote. Mwaka wa pili nusu. Nimeona nyumba ngapi mtaa huu? Kwa kina Petrarca walikuwa ishirini na wawili mezani. Bibi alipoacha kupika, sasa wanakutana kwenye mazishi.” Akapangusa meza iliyokuwa safi. “Wewe ulimi wako mzima?”

“Mzima.”

“Basi kuanzia leo ni wangu.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa ulimi wa Bi Cora. Kila Jumapili saa tano kasoro robo, kabla ya watu, nilichovya mkate na kusema: chumvi kidogo, au, bado chachu, au, acha hivyo hivyo. Mikono yake ilijua yote mengine. Rangi aliijua kwa jicho, unene kwa uzito wa mwiko, moto kwa sikio. Mwaka mmoja na nusu tulikwenda hivyo, na nilijisifu moyoni kwamba hakuna aliyeshuku.

Kisha mwezi wa Mei nilisafiri wiki mbili kwenda Lizboni, Ureno. Nilimwahidi kurudi Jumamosi, kabla ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake, binti wa mwanawe Nunzio, fundi bomba. Ndege ikachelewa siku nzima. Nilifika mtaani Jumapili saa nane na robo mchana, begi mgongoni, nikakimbia hadi zile ngazi za chini.

Walikuwa kumi na sita mezani, na kimya. Watu wale hawajui kula kimya. Nunzio, mwenye shingo nene kama bomba analolifunga, alikuwa anatafuna polepole huku machozi yakimlengalenga.

“Tamu, mama,” alisema. “Tamu kweli.”

“Tamu sana,” wakaitikia wengine, na mtu akanyanyuka kujaza jagi la maji.

Ersilia alikuwa ameketi upande wa pili, mwembamba, hereni kubwa, midomo imebanwa. Hakuwa ametaja kasoro hata moja. Hilo pekee lilinitia hofu.

Bi Cora alilitazama lile jagi likirudi limejaa. Akamtazama kila mmoja. Kisha akaniona mlangoni.

“Hilo ni jagi la nne,” alisema. “Njoo hapa. Onja.”

Nilimega mkate, nikachovya kwenye sahani yake. Kumi na sita walinikazia macho, na Nunzio alitikisa kichwa kidogo kuniomba huruma.

“Useme kweli,” alisema Bi Cora. “Nimekulisha miaka minne.”

“Bi Cora,” nikasema, “hii ni bahari.”

Bi Cora alikunja kitambaa chake cha mkono mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

“Mimi leo niliogopa chumvi,” alisema polepole. “Sikuwa na wa kunionjea, nikaona bora iwe pungufu. Nilitia vidole viwili tu. Kwa hiyo nauliza. Nani amegusa sufuria yangu?”

Katika nyumba zile, kutia kitu kwenye sufuria ya mwanamke mwingine ni kosa ambalo watu wamenyimana salamu miaka kwa ajili yake. Nunzio akanyanyua mkono kama yuko shuleni.

“Mimi, mama. Nilichovya mkate nikaona mchuzi umepooza, hauna chumvi. Kidogo tu, kwa ncha ya kijiko.”

“Na mimi,” akasema mkewe, bila kumtazama. “Sikujua kama na yeye katia.”

Mkono mwingine ukapanda. Mwingine. Walikuwa wamepita pale jikoni mmoja mmoja kutoka kanisani, kila mtu kachovya, kila mtu kaona umepooza, kila mtu kageuka kuhakikisha Bi Cora hatazami, akatia chumvi, akakoroga, akamsalimia. Wote walitaka asiaibike. Mikono ikafika sita.

“Na wewe, Ersilia?”

“Mimi nilitia kiganja,” alisema Ersilia. “Mimi sifanyi mambo nusunusu.”

“Mnajua tangu lini?”

Walitazamana. Nunzio ndiye aliyejitoa mhanga.

“Tangu mkesha wa Krismasi ile ya mafua, mama. Ulifungua oveni ukasema samaki ananukia vizuri.”

“Sasa?”

“Ilikuwa haijawashwa, mama. Samaki alikuwa bado kwenye friji.”

Mtoto wa komunyo, ndani ya gauni lake jeupe, ndiye aliyeanza kucheka. Akajifunika uso kwa leso, lakini mabega yakamsaliti. Bi Cora hakucheka. Alikuwa amemgeukia wifi yake.

“Ulijua mwaka mmoja na nusu, ukanyamaza? Wewe? Ambaye hujanyamaza tangu padri akumwagie maji ya ubatizo?”

“Nilitaka kusema. Kila Jumapili nikivuka daraja nasema, leo namwambia.”

“Ungeipata sufuria.”

“Ningeipata.” Ersilia alizungusha hereni yake. “Cora, nimekuonea wivu miaka hamsini, hilo unalijua, mtaa mzima unalijua. Lakini mama alikupa wewe. Nikuvizie mafua, nikunyang’anye kitu cha mama yangu ukiwa mgonjwa? Hata mimi nina mipaka yangu, wifi. Halafu ile nyumba yangu, nani atakuja? Hata wanangu hawaji. Wanakuja hapa.”

Bi Cora aliinamisha kichwa, na kwa kitambo nilidhani analia. Kisha nikaona tumbo linatikisika.

“Watu saba,” alisema. “Saba! Na hakuna hata mmoja aliyepata akili ya kuuliza mwenziwe!” Akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikateleza, na meza nzima ikalipuka naye. Kelele za kawaida zikarudi, kila mtu akimshtaki jirani yake kuwa ndiye aliyetia chumvi nyingi zaidi.

Alasiri ile haikupotea. Nunzio aliteremsha makopo manane ya nyanya kutoka stoo, wakaugawa mchuzi kwenye sufuria mbili ili kuupunguza chumvi, wakaanza kupika upya. Njaa ilitulizwa kwa kababu kavu na mkate, na tulikula saa kumi na moja jioni mchuzi ambao ungetosha parokia.

Kabla ya kahawa Bi Cora alisimama na kugonga glasi. Sufuria, alisema, haitoki chini ya mabomba haya. Mikono ni yake mpaka itakaposhindwa. Ulimi, kuanzia leo, ni Ersilia peke yake.

“Na huyu?” Ersilia alininyooshea kidole.

“Huyu anakwenda Lizboni. Ulimi hauendi Lizboni.”

Nilivuliwa cheo hivyo, mbele ya watu. Jumapili iliyofuata Ersilia alifika saa mbili asubuhi na aproni yake mwenyewe. Waligombana mpaka saa sita: kitunguu kikubwa mno, moto mdogo mno, mama hakufanya hivyo, mama alifanya hivyo hivyo, wewe ulikuwa sebuleni unapaka rangi kucha. Mchuzi ulikuwa mzuri kuliko ambavyo nimewahi kuuonja.

Mwezi wa Julai joto lilikuja la kuyeyusha lami. Jumapili moja, saa tatu asubuhi, nyama imekwisha rudi sufuriani na moto umeshushwa, Bi Cora alifungua aproni, akaitundika, akavaa kofia ya majani ambayo sikujua anayo. Nje, Nunzio alikuwa anapiga honi.

“Unakwenda wapi?” Ersilia akauliza.

“Wildwood. Baharini. Tangu nipewe mwiko sijaiona bahari siku ya Jumapili. Wenzangu walikuwa wakienda, wananiletea mchanga kwenye viatu.” Akampa wifi yake mwiko kwa mkono wa kulia, bila hotuba. “Usikwangue.”

“Mimi nilizaliwa kwenye nyumba hii!”

“Ndiyo maana nakuambia.”

Nilimsindikiza hadi kwenye gari nikiwa nimembebea kiti cha kukunja. Mjukuu alikuwa nyuma na boya lililokwisha jazwa upepo, limemkaba mpaka shingoni. Bi Cora aliketi mbele, akafunga mkanda, akashusha kioo.

“Tutarudi kula saa kumi,” alisema. “Au saa kumi na moja. Maji yakiwa mazuri, msitungoje.”

Gari likakata kona. Niliposhuka ngazi, Ersilia alikuwa amesimama ameinamisha sikio juu ya sufuria, hereni amezivua na kuziweka kwenye sahani.

“Nyamaza,” aliniambia kabla sijafungua mdomo. “Ninasikiliza.”