Udongo Kwenye Shina la Uyoga

Kuna fishi, kadi ya maelezo, ya makumbusho huko Ulaya inayosema uongo, na aliyeuandika ni mimi. Uyoga mmoja mkavu ndani ya bahasha, na maelezo: Masisi, juu ya kilima, kwenye kichuguu, mwendo wa saa mbili kutoka barabara ya Sake. Nimeyaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri wa shule ya mapadri.

Mtafiti wa makumbusho hayo alinichukua nimtafsirie. Alimkuta mama yangu akiuza uyoga sokoni Sake, akanunua mmoja, akaomba aonyeshwe ulikoota. Kwetu hilo ni swali la mtu asiye na adabu. Mwanamke atakuambia dhambi zake zote, lakini si mahali anapochuma uyoga. Mama akatabasamu. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Kesho yake akatupandisha kilima. Mtafiti alianguka kwenye tope mara mbili, GPS shingoni. Kule juu mama akaonyesha kichuguu kikavu, hata mchwa walishahama. "Njo hapa, Papa," akamwambia mtafiti, yaani ndipo ulipoota. Nami nikaandika. Tulipobaki wawili nikamwomba ukweli.

"Wewe iko mutoto wangu," akasema, "lakini uko na muke, na muke yako iko na mama yake."

Akafa nao, mchoyo yule. Misimu mitatu nilizunguka vilima nikimlaumu, hata kanisani. Niliutamani mchuzi wake, ndiyo, lakini kilichoniuma ni kwamba hakuniamini mimi, mwanawe.

Mvua za mwaka huu nikaifungua ile fishi kwenye telefoni, nijicheke. Chini kabisa mtafiti alikuwa ameongeza kwa mkono wake: udongo mwekundu kwenye shina. Mwekundu? Kilima kile ni cheusi tii. Udongo mwekundu niliuona mara moja tu, siku tulipochimba choo chetu cha zamani, kile kilichobomoka, ambacho mama alitukataza kukisogelea eti tutatumbukia.

Nilitoka na kandambili. Nyuma ya choo, chini ya magugu, kulikuwa na kichuguu chekundu, na uyoga umejaa. Kumbe zile safari zake za kilimani na kikapu zilikuwa za kuwapoteza majirani, na sisi pamoja nao. Nikakaa kwenye tope nikacheka, kisha nikalia.

Dada yangu alisikia harufu ya sufuria, akaja kuuliza nimeupata wapi.

Nikamwonyesha kilima.