Chakula Nilichoahidi Ng'ambo ya Ruvuma

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukafika katikati ukadhani namtafuta wa kumsukumia. Jina langu niachie. Watu wa Ziwani wakisoma watanijua, na wakinijua basi.

Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Wareno walipoanza kuchoma vijiji nilivuka Ruvuma na mke wangu Zuhura, mtoto wetu Fatu akiwa mgongoni, na Hamisi, mdogo wake Zuhura. Tukapewa shamba kijijini Ziwani, upande wa Tanzania, tukalima mihogo, tukapanda mikorosho. Mama yangu alikataa kuja. Alisema hawezi kuliacha kaburi la baba. Nikamwacha.

Wapigania uhuru walipotafuta watu wa kuwabebea mizigo nilikwenda mbio. Haukupita muda nikawa kiongozi wa wapagazi. Tulivusha unga, chumvi na masanduku ya risasi kwa mitumbwi pale kivukoni Kilambo, kisha tukajitwisha vichwani mpaka kambini porini. Wengi wetu walikuwa wanawake, na Zuhura alikuwa mmoja wao. Hamisi yeye alichukua bunduki.

Hamisi nilimlea mimi. Alikuwa na sauti mbaya ya kuimba, anajua kuwa ni mbaya, na haachi kuimba. Nilimpenda kama mwanangu. Sasa sikia nilichomfanyia.

Mwaka mmoja, kabla ya masika, Kamanda wetu aliamua kuvamia kituo kimoja cha Wareno. Kituo chenyewe kilikuwa jirani na kijiji cha mama. Sikumwambia mtu, lakini usingizi uliniruka kwa furaha.

Tulikikuta kitupu. Wareno walikuwa wameondoka, na wanakijiji wote wameswagwa kama mbuzi hadi kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, mbali zaidi kusini. Kwenye nyumba ya mama zilibaki kuta tu.

Kamanda alitaka tusimame pale. Alitukusanya asubuhi ile akasema, "Mto tumeuacha mbali sana. Tuchimbe mahandaki, tuweke akiba ya chakula, masika yapite. Ndipo twende."

Vijana hawakutaka kusikia. Kukamata kituo bila kupigana kulikuwa kumewapanda kichwani. Wareno wanakimbia, walisema, tuwafuate hukohuko kwenye seng'enge tukawafungulie ndugu zetu. Kamanda akawasikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwenye wapagazi. Tukienda mpaka kule, chakula kitatufikia?"

Nilijua jibu. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu, ndugu yangu, wala si kwenye mvua. Nilijua njia ikirefuka kiasi kile mpagazi atakula karibu nusu ya unga aliobeba, maana naye ana tumbo. Nilijua hatuna hata banda moja la akiba katikati. Wanawake wangu walikuwa wamechoka, wengine miguu imevimba, na mawingu tulikuwa tunayaona. Lakini moyoni nilimwona mama amekaa nyuma ya seng'enge.

Nikasema, "Kitafika, Kamanda."

Watu walipotawanyika Zuhura alinivuta pembeni. "Umesema nini pale? Nani atabeba?"

"Tutabeba."

"Tutabeba sisi. Wewe unatangulia na fimbo."

Nikamwambia anyamaze, asinivunjie heshima mbele ya watu. Akajitwisha mzigo wake.

Hamisi alipita na wenzake, akanipiga begani. "Shemeji, usitusahau kwa chumvi." Sikumwona tena.

Wapiganaji wakaenda kusini, sisi tukarudi mtoni kufuata unga. Safari ya kwanza niliongoza mwenyewe, tukawafikia wa nyuma njiani wakiwa karibu na kule waendako; Hamisi alikuwa ametangulia na wa mbele. Nikajiona mwanamume. Safari ya pili nilituma watu, nayo ikafika pungufu. Kisha mvua ikaanza.

Ruvuma ulifura ukapanda hadi mashambani. Mtumbwi mmoja ulipinduka na mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa na mtoto anayenyonya nyumbani. Hatukumpata. Unga uliovuka salama ulilowa, ukachacha vichwani mwa watu. Vijito tulivyozoea kuvipita kwa miguu vikawa mito. Na Wareno, walipoona wenzetu wamekwenda mbali peke yao, walizunguka nyuma wakatega mabomu kwenye njia yetu. Wapagazi wakakataa kwenda. Niwalaumu vipi?

Kabla njia haijafungwa kabisa ningeweza kutuma mtu awaambie wenzetu warudi. Zuhura aliniambia. Niliona haya. Nilijisemea mvua itakatika, tutafidia. Kila kulipokucha nilisema hivyo.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na waliorudi. Risasi zilikuwa chache, chakula hakuna. Wakaanza kufukua mihogo kwenye mashamba yaliyoachwa. Mihogo ile ilikuwa michungu, ile ambayo sisi huiloweka siku kadhaa na kuianika kabla ya kuila. Wao hawakuwa na nafasi ya kuloweka, na moto waliogopa kuuwasha kwa sababu ya moshi. Wakaila mibichi.

Hamisi alikulia shambani kwangu. Alijua kabisa mihogo ile inaua. Walisema siku za mwanzo aliwakataza wenzake, akawaambia wavumilie, shemeji yake ameahidi. Mwishowe naye akala. Akatapika, miguu ikamkataa. Wareno walipowashambulia, wenzake walimficha kichakani wakakimbia. Waliporudi kumchukua walimkuta amekufa, wala hawakupata nafasi ya kumzika.

Wengi walibaki huko. Kamanda alirudi akiegemea fimbo, amekonda sura yote imebadilika. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Chakula kilikwama wapi?"

"Mto," nikamjibu.

"Basi ni mvua," akasema.

Nami nikaiachia mvua. Kijiji kizima kikasema ni mvua. Msibani watu walinishika mkono wakinipa pole, nami nikazipokea.

Mwaka huu vita imekwisha. Wareno wameondoka, watu wameng'oa seng'enge kwa mikono yao. Na mama yangu akaja. Alivuka Kilambo kama mtu anayetoka sokoni, kitita kichwani na kuku mkononi. Amezeeka, lakini mzima. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, bila kufuatwa na mtu.

Zuhura akampikia. Tulipomaliza kula mama akauliza, "Hamisi yuko wapi?"

"Mvua ilimuua, mama," Zuhura akasema.

Nikasema yote, mbele yao wote wawili, kuanzia swali la Kamanda na jibu nililojua ni la uongo, mpaka aibu niliyoona ya kutuma mtu. Nikasema niliyafanya kwa ajili ya mama.

Mama akauliza, "Mimi nilikuomba?"

Akaisogeza sahani yake kando.

"Tulisikia kuwa mnakuja," akasema. "Wareno waliwatoa wanaume wetu nje ya seng'enge, wakasema ndio waliowaita ninyi. Hawakuwarudisha. Sisi tuliobaki tulikuwa tunaomba Mungu mrudi mlikotoka."

Zuhura hakulia. Aliosha vyombo, akavifunika. Asubuhi alimshika Fatu mkono akaenda kwa shangazi yake kule Likombe. Baada ya hapo alimtuma mjomba wake kuomba talaka. Nikaitoa, maana ningesema nini? Mama bado yuko kwangu. Tunazungumza habari za korosho na za kuku.

Wewe unayesoma, pengine vita huijui. Lakini iko siku watu watakuuliza jambo ambalo moyo wako una haja nalo. Itaje haja yako kwanza, waione. Ningesema tu, "Kamanda, mama yangu yuko kule," mtu yule mwenye akili angejua namna ya kulipima jibu langu. Nilificha, nikawafanya watu walipe kwa miili yao kitu ambacho hata sikuwaambia nakitaka. Usifanye hivyo. Tafadhali.

Nasikia Zuhura huenda Kilambo kungojea wanaovuka. Anamwuliza kila mtu kama anajua kichaka kile, ampeleke akamzike ndugu yake. Hajapata wa kumpeleka. Njia naijua mimi, na kichaka chenyewe waliorudi walinielekeza; nimemtumia ujumbe kumwambia. Amejibu kwamba na mimi haendi.