Jandira wa Olaria na Macho ya Komadre Wake

Kabla ya kuwa mwenyekiti wa baraza la afya la mtaa wetu, Jandira alikuwa mfyatua matofali, na mpaka leo akikushika mkono kukusalimu utadhani umeshika kipande cha tofali. Alizaliwa hapa hapa Olaria, bondeni kwenye matanuri, akaanza kukanyaga udongo angali mtoto. Mumewe, Belmiro, alikuwa mchoma matofali, mtu mpole aliyekufa mapema kwa ugonjwa wa kifua. Wakati wa ugonjwa ule ndipo Jandira alipojifunza kugombana na watu wenye makoti meupe. Daktari alimwandikia Belmiro dawa, akamkataza kurudi kwenye moshi, na hakumuuliza hata kidogo atakula nini asipochoma matofali. Belmiro akarudi kwenye moshi.

"Walimtibu kama vile hayumo chumbani," Jandira huniambia, na kila akilisema hilo hukasirika upya, utadhani ni jana.

Mimi ni Nadir, muuguzi msaidizi wa zahanati ya Olaria. Watoto wa mtaa wananijua kwa jina la Mama Sindano, na wakiniona wanachanja mbuga. Jandira ana sukari na presha, kwa hiyo tumeonana mno, pengine kuliko alivyoonana na jamaa zake. Hana subira. Mimi pia sina, na ndiyo maana tunapatana.

Baraza letu la afya si pambo. Nusu ya viti ni vya wanaotibiwa, na nusu nyingine tunagawana sisi wafanyakazi na watu wa serikali ya mji. Bila kura zetu zahanati haihamishwi wala haifungwi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini siwezi kudanganya, miaka mingi watu walikuja mkutanoni kwa ajili ya kahawa na keki ya mahindi, wakainua mikono palipotakiwa kuinuliwa mikono, wakaenda zao. Jandira alichaguliwa kwa sababu sauti yake inasikika bila kipaza sauti. Hakuna aliyedhani ataifanya kweli kazi yenyewe.

Akaifanya. Siku ya kwanza tu, serikali ya mji ilileta pendekezo la kuhamisha kliniki ya sukari kutoka Jumatatu kwenda Ijumaa. Wote tulikuwa tayari kuinua mikono. Jandira akauliza, "Mmewauliza wenye sukari?" Hawakuwa wamewauliza. Ikabidi waende, na kumbe Ijumaa ni siku ya soko, nusu ya wagonjwa wetu wako nyuma ya meza zao wanauza. Tangu siku hiyo swali lile likawa mwiba. Ukileta jambo lolote barazani, hata rangi ya ukuta, unaliona linakuja. Mimi mwenyewe lilinichosha, na nilikuwa nalipenda.

Sasa kuhusu Zulmira. Huyu anakaa nyumba ya pili kutoka kwa Jandira, anatengeneza beiju, vile vikate vya muhogo, juu ya chuma cha moto. Jandira ndiye aliyemshika binti yake siku ya ubatizo, na toka hapo wanaitana komadre, jambo ambalo kwetu linazidi undugu wa damu. Zulmira ni mtu wa maneno machache. Akisema neno, watu hupunguza redio.

Macho yake yalianza kumsaliti pole pole. Aliungua vidole kwenye kile chuma, akasema ni uzembe. Akaungua tena. Nilimlazimisha kwenda kwa mtaalamu, na akarudi na jibu: presha ya macho, yote mawili, anahitaji upasuaji, na asikae sana, maana presha ya macho ikishakula haitemi. Nikamwingiza kwenye foleni ya upasuaji. Foleni yenyewe ilikuwa ndefu, na haikutembea. Kila mtu Olaria alijua kwa nini: ukiwa na mtu wako ndani, jina lako linaruka, na jina la mwenzako linakaa chini kabisa likiota kutu.

Ndipo wakubwa walipoleta habari ya jengo jipya. Walitaka kuifunga zahanati yetu ya bondeni, wagonjwa wote wapande kule juu kwenye lami, kwenye jengo lenye vioo. Kwa mwenye gari ni jambo zuri. Kwa mtu wa kidonda cha mguu au wa pumu, ule mlima ni adhabu.

Wiki ya mkutano nilikwenda nyumbani kwa Jandira kumfunga kidonda chake. Nilikuwa nimepiga goti, mguu wake uko mapajani mwangu, mlango ukagongwa. Akaingia Everaldo, katibu wa afya wa mji. Alisomea sheria, hajawahi kumtibu hata paka, lakini kwetu mwenye viatu vinavyong'aa anaitwa daktari, kama mama wa heshima anavyoitwa dona.

"Dona Jandira! Nimesikia kahawa ya hapa haina mfano."

"Kaa, Daktari. Kahawa ipo. Sijui kama kilichokuleta ni kahawa."

Akacheka, akakaa, akamimina. Alianza na nyama ya ulimi: jinsi baraza lilivyochangamka tangu Jandira ashike kiti, jinsi meya mwenyewe anavyomtaja.

"Halafu hili la Dona Zulmira," akasema, akapunguza sauti. "Linaniuma sana. Bahati nzuri kuna nafasi imetokea hospitali kuu, wiki ijayo. Neno langu moja tu, jina lake linapanda."

"Likipanda lake, linashuka la nani?"

"Ah, usiwe mkali hivyo, mama. Sisi ni watu wa kusaidiana. Wewe unanisaidia na jengo langu, mimi nakusaidia na macho ya komadre wako. Hapo nani anaumia?"

Jandira akanyoosha mkono, akamtoa kikombe mdomoni.

"Kahawa imeisha, Daktari."

"Lakini bado ninayo nus..."

"Imeisha."

Everaldo alipotoka nilicheka mpaka bendeji ikanitoka mkononi. Jandira alikuwa bado amekishika kile kikombe.

"Umemsikia? Anataka kuninunua kwa macho ya komadre wangu!"

"Umemkomesha. Atakunywa kahawa kwao." Kisha nikauliza, "Zulmira utamwambia?"

"Nimwambie nini? Nimtie uchungu bure? Limeshakwisha hilo."

Mtaa mzima ulisikia habari ya kikombe kabla jua halijazama. Aliisimulia kwa muuza samaki, kwa fundi baiskeli, kwa padri. Watu walimpigia makofi dirishani. Zulmira tu ndiye ambaye hakumwambia, na wengine wote tulidhani ni hisani.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Walijaa watu mpaka madirishani. Everaldo alionyesha picha za vioo vyake, Jandira akamuuliza lile swali lake, watu wakashangilia, na ilipofika kura pendekezo la jengo lilianguka. Zahanati inabaki bondeni. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Makofi yalipotulia, Zulmira akasimama kule nyuma. Binti yake alimshika kiwiko, yeye akauondoa mkono ule. "Mwananchi asiye na kiti anaruhusiwa kusema?"

"Anaruhusiwa, komadre," Jandira akasema, bado anatabasamu. "Sema."

"Daktari Everaldo alikuja kwako na habari ya macho yangu. Ni kweli?"

Everaldo akainama akatafuta kitu mfukoni.

"Ni kweli."

"Ukamjibu."

"Nilimjibu. Komadre, yule alikuwa anatununua! Ningekubali, watu wote hawa..."

"Ninajua alichotaka. Mimi sina macho, akili ninayo." Hakupandisha sauti. "Nyumba yangu iko ya pili kutoka yako. Nilikuwa pale nachekecha unga. Huyu mzee wa samaki ameambiwa. Padri ameambiwa. Mimi nimeyasikia kwenye foleni ya mkate. Komadre, kila mtu humu ndani unamuuliza kama amewauliza wagonjwa. Mimi mbona hukuniuliza?"

Sauti ya Jandira ilishuka. Sikuwahi kuliona hilo kabla ya siku ile.

"Ungekubali?" akauliza, karibu kunong'ona.

"Sijui. Labda ningekataa, tena kwa kelele zaidi kuliko wewe. Labda ningelia nikakubali, mtaa wote ukanitemea mate. Lakini lingekuwa langu. Sasa sitajua kamwe mimi ni mtu wa namna gani, na wewe ndiye uliyeninyima."

Akageuka, akatafuta mlango kwa mkono. Keki ya mahindi ilibaki mezani nzima nzima.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Sahani ya beiju iliyokuwa ikivuka kila asubuhi kutoka nyumba moja kwenda nyingine haikuvuka. Jandira alikonda, sukari ikampanda, nikamgombeza akanisikiliza, jambo lililonitia hofu zaidi. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo niliona Zulmira ana haki kabisa, na nilichukia kuyaona yote mawili.

Hakuacha kiti. Alimkalia Everaldo kooni kuhusu foleni ya macho, mkutano baada ya mkutano, mpaka foleni ikaanza kuendeshwa mbele ya watu, kila mmoja akijua yuko nyuma ya nani. Jina la Zulmira halikuruka la mtu. Lilitembea tu. Asubuhi moja Jandira akaenda kwa komadre wake bila kupiga hodi, akavuta kigoda, akachukua kisu akaanza kumenya muhogo. Zulmira aliisikia ile pumzi yake nzito, hakumfukuza. Walimenya mpaka kikapu kikaisha.

Zamu ilipofika, jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. Zulmira aliniambia yeye mwenyewe, wala hakulaumu mtu. Nilikwenda nao hospitali kuu, mimi, yeye na Jandira, na njia nzima Jandira alitazama nje ya dirisha.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, amechoka. Alitazama vipimo, kisha, kama wanavyofanya wengi, akamgeukia yule anayeona.

"Mama, la kushoto hatuwezi tena. La kulia tukilipasua linaweza kuokoka, ila kuna hatari kidogo ya kulipoteza hapo hapo mezani. Au aendelee na dawa ya matone, lififie pole pole. Mnaonaje, tumfanyie?"

Nilimtazama Jandira. Nilijua ana jibu. Jandira huwa na jibu kabla ya swali. Akaupakata mkoba wa Zulmira.

"Mimi nimekuja kushika mkoba," akasema. "Mwenyewe ni huyu."

Msichana akaona haya, akavuta kiti chake mpaka mbele ya Zulmira, akaanza upya, neno kwa neno. Zulmira aliuliza kama inauma. Aliuliza atakaa siku ngapi bila chuma chake cha moto. Aliuliza, kama yeye Zulmira angekuwa mama wa huyo msichana, angemwambia nini, na msichana akafikiri kweli kabla ya kujibu.

"Nimeshajua nitakalo," Zulmira akasema. Akapapasa hewani upande wa kushoto, upande wa giza, mpaka akaupata ule mkono mgumu, akaushika. "Lakini kabla sijalisema, nataka kumsikia komadre wangu. Wewe unasemaje?"

Jandira, mwanamke anayesikika bila kipaza sauti, hakuweza kutoa neno. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola ya gauni lake la kanisani, na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na mkoba na mwingine umeshikwa.

"Sema," Zulmira akamwambia. "Nimekuuliza."