Kibuyu Chini ya Kiti cha Mgeni Rasmi

Naikumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, niliyoamka Itigi bila kujua jioni itanikuta wapi. Ndivyo nilivyoishi wakati ule. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa ada, ila sikuweza kukaa nikitazama ubao wakati treni inapiga honi stesheni na mimi sijui inakokwenda. Nikaifuata honi. Nimechimba mashimo Sekenke nikitafuta dhahabu ambayo wengine walikwisha kuimaliza, nimebeba magunia ya karanga Manyoni, nimelala kwenye mabehewa mabovu. Vijana wenzangu walikuwa wakijenga taifa. Mimi nilikuwa nikilizunguka kulitazama.

Asubuhi hiyo niliona lori limesimama nje ya ukumbi wa watu wa reli, watu wanapakia viti. Lori la magogo nalijua, la asali nalijua, lakini lori la viti linaloelekea porini sikuwahi kuliona. Nikasogea.

"Viti hivi vinakwenda wapi?"

"Mitundu, halafu mbele kidogo," dereva alinijibu bila kugeuka. "Na wewe unakwenda wapi?"

"Popote."

"Popote nauli yake ni kupakia. Ukifika ni kushusha."

Nikapakia. Njiani ndipo nilipoelewa. Shule moja ya huko ilikuwa imewaita wanafunzi wake wa zamani waliofanikiwa kazini na kuutumikia umma, ili iwape heshima mbele ya wazazi. Wageni walikuwa wengi na shule ilikuwa na madawati tu, ndiyo maana viti vya watu wa reli vikapanda lori.

Tulipokaribia Mitundu, mzee mmoja alisimamisha lori kwa fimbo. Alikuwa amevaa koti zito la sufu ingawa jua lilikwisha kuwa kali, na mkononi amekumbatia kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Nikamwamkia, nikamvuta juu, nikamkalisha kwenye kiti kimojawapo. Jina lake Mzee Kiula. Kila lori liliporuka kwenye shimo, aliinua kibuyu kifuani kama mama anayenyanyua mtoto.

"Nikushikie, mzee?"

"Wewe shika kiti nisianguke. Hiki nitashika mwenyewe."

Unanijua, mwanangu, siwezi kukaa karibu na kitu kilichofungwa nisiulize kilichomo. Nikauliza, naye, kwa kuwa lori lilikwenda polepole na moyo wake siku ile ulikuwa mwepesi, akanieleza.

Mgeni rasmi wa siku hiyo alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alifariki mtoto angali mdogo, Mzee Kiula akamlea. Siku alipompeleka darasa la kwanza, mzee aliingia msituni upande wa Rungwa, akachuna gome la mti wa mtundu, akatengeneza mzinga wa nyuki na kuutundika kwa jina la mtoto. Asali ya mzinga ule ilimnunulia kaptula, ikamlipia ada, na baadaye ikamlipia nauli ya kwenda masomo ya juu. Sasa mtoto amekuwa bwana mkubwa. Ofisi yake ndiyo iliyopanga vijiji vipya kando ya barabara, na wao wa msituni wakahamishiwa huko.

"Kijijini tuna shule, tuna zahanati," alisema. "Sikatai. Ila mizinga yetu imebaki kulekule. Kwenda ni mbali, na kulala kambini msituni ni mpaka uwe na kibali. Tumeomba, tukaambiwa tusubiri. Msimu mmoja tumesubiri, na huu wa pili unakwisha."

"Kibali kinatolewa na nani?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mtoto wangu."

Akanieleza desturi ya kwao. Mtu aliyetundikiwa mzinga, siku ya kuheshimiwa, yule aliyemtundikia humletea asali ya mzinga huohuo, kibuyu kikiwa kimezibwa kwa nta. Anayeheshimiwa huivunja nta kwa kidole chake mwenyewe na kulamba mbele ya watu. Akishalamba, aliyemletea ana ruhusa ya kumwomba jambo moja, na jambo hilo halikataliwi. Mfalme halikatai, wala maskini.

"Lakini mzee, kama huna kibali, asali hii umeipataje?"

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimeiba. Nimekwenda kwa kujificha kama mwizi, kwenye mzinga nilioutengeneza kwa mikono hii."

Shuleni tulikuta bendera, kwaya, na wazazi wamekaa chini kwenye nyasi. Nikashusha viti, vikapangwa mbele kwa ajili ya wageni; chenye mto mwekundu kikawekwa katikati. Mwalimu mmoja aliniona nimesimama karibu na meza akanijia kwa heshima.

"Karibu ndugu. Wewe ulimaliza mwaka gani?"

"Mimi nimeleta viti," nikamjibu. Akaniacha hapohapo.

Sitakudanganya kwamba sherehe ilikuwa mbaya. Alipewa heshima muuguzi mmoja wa kike, na kina mama walipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akashindwa kuendelea, kwa sababu walimjua: ndiye aliyewazalisha. Akapewa mwalimu mmoja mzee aliyefundisha watu wazima kusoma. Kisha ikafika zamu ya mgeni rasmi. Akavishwa shuka jeusi, akapewa fimbo ya mpingo, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule inamheshimu kwa kuwatoa wananchi porini na kuwaleta kwenye maendeleo. Wageni kwenye viti wakapiga makofi. Waliokaa kwenye nyasi nao wakapiga, ila ya kwao yalikwisha mapema.

"Na sasa," alisema mwalimu mkuu, "mjomba wake, Mzee Kiula, ana zawadi."

Mzee akainuka na koti lake. Niliona watu wa msituni wakinyanyua shingo. Walijua. Mzee mmoja karibu yangu alimnong'oneza mwenzake, "Leo tunarudi mizingani." Mwenzake akamwambia anyamaze, asije akaiharibu bahati.

Mgeni rasmi alisimama, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili kama ipasavyo. Kitambaa kikafunguliwa. Kidole gumba chake kikaja juu ya nta, mwanangu, nilikiona. Kikasimama pale. Akamtazama mjomba wake machoni, kisha akatazama nyuma ya mjomba, zile nyuso zote kwenye nyasi zilizokuwa zikimsubiri. Kidole kikarudi.

"Mjomba, ahsante sana," alisema kwa sauti ya hadharani. "Hii nitaifungua nyumbani, watoto nao waonje asali ya kwetu."

Viti vikapiga makofi. Kwenye nyasi hakuna aliyepiga. Mzee Kiula alibaki amesimama mikono mitupu, mpaka mwanafunzi mmoja alipokuja kumwelekeza, kwa adabu, mahali alipotoka.

Chakula kikaliwa, hotuba zikaisha, Landrova ya mgeni rasmi ikaondoka na vumbi lake. Nikaanza kukusanya viti. Nilipoinua chenye mto mwekundu, kibuyu kilikuwa chini yake, kimesimama wima. Nta ilikuwa nzima.

"Lete huku hiyo!" dereva alipiga kelele kutoka juu ya lori. "Tutalamba njiani."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe si kaiacha?"

"Yule hakuwa mwenyewe."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa. "Basi Popote ndipo hapa," akasema, akawasha lori.

Nikatembea hadi kijiji kipya nikiuliza njia. Nyumba zilikuwa zimejipanga mistari miwili kando ya barabara kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Jua lilikuwa bado halijazama nilipopiga hodi. Mzee Kiula alikuwa amekaa mlangoni, koti amelivua, amelikunja magotini. Aliona kibuyu kabla hajaniona mimi.

Alikipokea, akapitisha kiganja juu ya nta. "Hata kuchokonoa," alisema.

"Labda kakisahau, mzee."

"Mtu hasahau kitu alichokiweka katikati ya miguu yake."

Mimi nilikuwa kijana, na hasira ya kijana ni rahisi. Nikaanza kumtukana yule bwana. Nikamwambia mzee kwamba mimi ni mtu wa kuzunguka, stesheni zote wananijua, na jina la mtu huyo nitalitangaza kuanzia Itigi mpaka reli inapoishia, watu wajue shule imemvisha shuka mtu wa namna gani. Mzee aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaniwekea kibuyu mbele.

"Vunja."

"Mimi? Mzinga si wangu."

"Wewe umeileta kwa miguu. Vunja."

Nikavunja. Nikalamba. Ilikuwa asali nyeusi, ina moshi kidogo, na sijapata kulamba nyingine inayoishinda. Mzee akangoja nimeze.

"Sasa nina ombi."

Nilishtuka. Nilikuwa nimesahau, au nilidhani desturi ile ni ya watu wenye vyeo. Mtu kama mimi angeombwa nini?

"Jina la mtoto wa dada yangu usilipeleke stesheni," alisema. "Wewe huna uchungu naye, una hasira tu. Mimi ndiye niliyemwosha kamasi. Siku akitaka kurudi, na pengine atataka, asikute umeijaza njia maneno. Kibali ameninyima yeye. Njia ya nyumbani mimi sitamnyima." Akaniangalia kwa ukali. "Na usidhani ni shule iliyomharibu, ukajisifu kwamba wewe uliikimbia. Yule muuguzi naye alisoma palepale."

Nilikuwa nimekwisha kulamba. Ndiyo maana, mwanangu, katika maneno yote haya hukunisikia nikikutajia jina lake, na hutalisikia.

Mke wake alileta ugali wa mtama na mlenda, tukala na ile asali kwa kuwa hapakuwa na wa kuwekewa tena. Akanitandikia ngozi ya ng'ombe kwenye chumba cha nje. Kijiji sikukijua, watu wake sikuwajua, na hata jina la mahali pale niliuliza nikiwa nimekwisha kujilaza. Nikakaa msimu mzima.

Kibali hakikuja. Mizinga iliyobaki msituni ililiwa na mchwa, mingine ikaungua na moto wa kiangazi, na watoto wa kijiji kile leo hawajui kuchuna gome. Yule bwana alirudi mara moja tu, kumzika mjomba wake. Alisema maneno mazuri sana juu ya jeneza.

Mwanangu, nimesikia sasa shule zenu nazo zinawaita kuwavisha mashada. Nendeni, msikatae, maana heshima ikitolewa vizuri hutia moyo wengine. Lakini wewe unayeandaa sherehe, kabla hujampa mtu sifa ya kuutumikia umma, waulize kwanza waliotumikiwa, na uwaulize wakiwa wamekaa kwenye kiti. Na wewe unayevishwa, mtafute aliyekutundikia mzinga. Atakuja na kitu chake mkononi, na nyuma yake kutakuwa na ombi, na ombi hilo litakusumbua kazini na pengine litakuponza. Vunja nta hivyohivyo. Ukiogopa kuombwa na waliokulea, hilo shuka umejivika la nini? Na ukikataa, kataa kwa mdomo wako, mtu aondoke akijua amekataliwa. Usimwachie zawadi yake chini ya kiti.

Mungu akupe kazi ya kujivunia, akupe na ujasiri wa kulamba mbele za watu. Na usiku ukikukuta ugenini kama ulivyonikuta mimi, akufikishe kwenye mlango wa mtu kama Mzee Kiula, akutandikie ngozi, ulale umeshiba.